Masomo ya video ya elastisiti: nimelipa, nimeishia kufokewa

Sisemi kila kitu ni kibaya kwenye kozi hii ya jinsi vitu vigumu vinavyonyumbuka vikibebeshwa mzigo. Video za duara la Mohr, ule mchoro wa kusomea mikazo ya ndani, ni nzuri kweli, mwalimu anachora taratibu na unamwelewa. Kwa hizo tu ningempa nyota nne. Ila sehemu ya streini, yaani kipimo cha kitu kimenyooka au kupinda kiasi gani, imenitia hasira ambayo haijaisha hadi leo.

Ametupa swali la bamba: streini za kunyooka εx = ky² na εy = 0, ya kupinda pembe γxy = 0 (k ni namba isiyobadilika), tafuta mihamo u na v, yaani kila nukta imesogea kiasi gani kuelekea x na y. Nimekesha nalo. Ukiintegreti unapata u = kxy² + f(y) na v = g(x). Halafu γxy inakuwa 2kxy + f′(y) + g′(x), na hiyo yote iwe sifuri kila mahali. Haiwezekani! Hakuna f ya y peke yake na g ya x peke yake zitakazofuta 2kxy. Sharti la upatanifu la Saint-Venant, linalopima kama streini zinaweza kukaa pamoja kwenye kitu kimoja, lingemwonya mapema: ∂²εx/∂y² + ∂²εy/∂x² lazima ilingane na ∂²γxy/∂x∂y. Kushoto kuna 2k, kulia sifuri. Yaani bamba hilo ukilikata vijipande, kila kimoja ukakinyoosha kwa kiasi alichotoa yeye, havirudi kukaa pamoja. Hapa pengo, pale kimoja kimemlalia mwenzake.

Nikamwandikia kwa adabu: "Mwalimu, samahani, naona swali hili halina jibu." Akanijibu mbele ya kundi zima: "Dada, fuata hatua. Hayo ya upatanifu hayaji kwenye mtihani."

Hayaji kwenye mtihani! Vijenzi sita vya streini vinatoka kwenye mihamo mitatu tu. Bila sharti la kuvibana, mtu ataandika chochote na kukiita jibu.

Na mimi nilijiunga kwa ajili ya mabomba. Kitu chenye tundu, hata sharti likitimia kwenye kila nukta, bado halitoshi. Volterra, mwanahisabati wa Italia, alilieleza hilo mwaka 1907: kata pete, toa kabari, iunganishe kwa nguvu, itabaki na mkazo ndani bila mzigo wowote. Nilisubiri somo hilo mpaka video ya mwisho. Halipo.

Basi zile nyota nne nazifuta. Labda mbili, kwa anayetafuta alama tu. Hapana, moja. Swali lile bado liko pale, wanafunzi wapya wanaandika "u = kxy²" chini yake, naye anawawekea dole gumba.