Uzoefu wangu: Takwa kwa boti kutoka Lamu, angalia maji kwanza

Nyota 4 kati ya 5. Ile moja niliyoikata ni ya boti. Takwa yenyewe haina kosa.

Wageni wengi wa Lamu humaliza makumbusho ya ufukweni, wakapiga picha mbele ya Ngome, wakarudi zao. Takwa iko ng'ambo, kisiwani Manda: mji wa mawe ulioshamiri karne ya 16 na ya 17, kisha watu wakauhama. Kwa boti ya mashine ni kama nusu saa kutoka gatini. Kwa tanga ni saa nzima au zaidi. Lakini upepo si tatizo kubwa, tatizo ni maji. Magofu yako mwisho wa mkono mwembamba wa bahari unaoingia ndani ya mikoko, na maji yakitoka hapo hubaki tope.

Hesabu yake ni hii. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na ikifika saa nne asubuhi yamekupwa kabisa. Kwa hiyo anayekuuzia safari ya saa tatu asubuhi mwezi ukiwa mpevu anakuuzia tope. Kila siku kujaa huchelewa kama dakika 50. Ukihesabu nyuma utaona kwamba siku ya 11 na ya 12 ya mwezi mwandamo, au ya 26 na ya 27, maji hujaa saa saba, saa nane za mchana. Hizo ndizo siku za kwenda. Fika saa moja na nusu kabla hayajajaa, uondoke ndani ya saa moja baada ya kujaa. Siku za maji mafu, yaani za katikati ya bamvua moja na nyingine, nazo hujaa kabla ya adhuhuri, saa nzuri kwa matembezi, ila hayapandi sana. Chombo chenye mkuku (uti wa chini) mrefu kitagusa chini, bora boti ndogo isiyozama sana.

Kwa nini saa moja tu? Maji hayatoki kwa mwendo mmoja. Yakiwa yanashuka mita 3 kwa jumla, saa ya kwanza hupungua kama sentimita 25, ya pili 50, ya tatu 75 na ya nne 75. Saa ya kwanza unajiona una nafasi tele, ya tatu chombo kimekaa. Nahodha tuliyemkodi alikuwa na neno moja tu, "bado", mpaka tukashuka kusukuma. Chaza walioganda kwenye mizizi ya mikoko hukata nyayo kama wembe, basi vaa viatu vya kufungwa unavyokubali vilowe. Ndala hubaki topeni.

Sasa magofu. Usiende kabla ya kuingia Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, pale ndani ya mitaa ya Lamu. Ukishaiona nyumba nzima, na daka lake (baraza la mlangoni), kiwanda (ua wa ndani), misana (kumbi ndefu), ndani (chumba cha faragha) na choo, kuta fupi za Takwa utazisoma mwenyewe. Pima chumba kwa hatua zako: utakuta vyembamba, mita 2 na nusu hivi, kwa sababu dari lilibebwa na boriti za mikoko na boriti haifiki mbali zaidi ya hapo kwa uzito wa mawe na chokaa. Watu hudhani ni umaskini wa nafasi. Tazama urefu wa chumba hichohicho uone kama mwenyewe alikuwa maskini.

Msikiti wa Ijumaa ndio wa kukaa nao. Juu ya ukuta wa kibla umesimama mnara wa mviringo kama zile nguzo za makaburi ya kale ya pwani, jambo ambalo si la kawaida msikitini. Wenyeji husimulia kwamba chini yake kazikwa sheikh. Simama ndani, mgongo kwa mlango, uone mihirabu na nguzo kwa mstari mmoja, halafu zunguka nje uone jinsi nguzo ilivyobebwa na ukuta. Nje ya boma, upande wa maji, kuna kaburi la nguzo lenye maandishi ya karne ya 17. Watu wa Shela, ambao wahenga wao wengi walitoka Takwa, huja hapo kuomba mvua. Kwa hiyo hapapandwi wala hapakaliwi kwa picha. Kuta ni za matumbawe na chokaa, na chokaa ya miaka 300 humeguka kwa kiganja cha mtoto.

Ukishamaliza, vuka mchanga upande wa pili utokeze bahari kuu. Dakika chache tu, lakini ziingize kwenye hesabu yako ya maji. Kuogelea hapo mimi simshauri mtu wakati wa kusi, upepo wa kusini.

Vitu vya kubeba: maji lita 2 kwa kila mtu, kofia, na kitambulisho, maana kiingilio cha raia na cha mgeni si kimoja. Ulizia tiketi makumbusho ya ufukweni kabla hujavuka. Chukua mwongozi, usitegemee vibao. Kivuli ni cha mibuyu tu. Wazee wanaweza kwenda bila taabu maji yakiwa yamejaa, kwa sababu njia ya kuingia ni fupi na tambarare. Yakiwa yamekupwa wasiende kabisa.

Patana bei ya chombo kizima, si ya kichwa, na malipo yawe mkirudi. Kisha muulize nahodha leo yanajaa saa ngapi na mtaondoka kule saa ngapi. Akijibu "tutaona", nenda boti inayofuata.