Waridi la jangwani mbele ya nyumba, Moshi: nimeridhika, ila lina masharti

Anayetaka ua la mbele ya nyumba lisilodai ndoo ya maji kila jioni, achukue waridi la jangwani. Langu nililipata kwenye vitalu vya miche vya barabarani hapa Moshi kwa shilingi 15,000, na ukijua kupatana utalipa pungufu. Si mgeni huku kwetu, porini linaota lenyewe kwenye nyika kavu.

Unaponunua, tazama shina kabla ya maua. Lililooteshwa kwa mbegu huvimba chini kama chupa, na uzuri wake nusu uko hapo. La kipande cha tawi mara nyingi hubaki jembamba. Yale yenye petali nyingi za rangi rangi huwa yameunganishwa, yaani tawi la aina hiyo limepachikwa kwenye shina la jingine. Chipukizi likitoka chini ya kiungo, likate mapema, la sivyo litalimeza tawi ulilolilipia.

Adui wake mkubwa ni maji yanayotuama. Udongo wetu mwekundu unashika maji, kwa hiyo langu lipo juu ya tuta la mchanga na changarawe, kwenye jua la kutwa nzima. Masika silimwagilii kabisa. Ukilibonyeza shina likabonyea, huenda mzizi umeshaanza kuoza.

Sasa, kipindi cha baridi majani yanapukutika yote. Jirani yangu aliniambia, “Mama, hicho kijiti si ung’oe tu upande kitu kingine?” Nikamjibu asubiri. Jua liliporudi kukaza, maua ya rangi ya waridi yakafunguka kwenye matawi matupu, jani hata moja hakuna. Yeye ndiye aliyekuja kuomba mbegu! Kwa hiyo likipukutisha, punguza maji, usiongeze. Huo ndio wakati wengi wanaliua kwa huruma.

Kasoro zipo. Vidukari vya njano hupenda machipukizi. Navisafisha kwa maji ya sabuni. Na utomvu wake ni sumu kweli, Wahadza wa Ziwa Eyasi huupaka kwenye mishale ya kuwindia. Ukipogoa, vaa glavu, nawa mikono, na vipande usiviache mbuzi au watoto walipo.

Ninyi wa Arusha mjini mko juu zaidi na Julai yenu inauma. Mimi ningelipanda kwenye chungu chenye matundu, baridi ikianza nalisogeza barazani.