Decidim kwa sera ya data za umma: ina nguvu, ila inataka msimamizi wa kweli

Ofisi inayotaka kukaa na wakazi na kukubaliana nani aone data zao, zitunzwe muda gani na zitumike kwa kazi ipi, ichukue Decidim, programu ya kushirikisha wananchi mtandaoni. Jina ni la Kikatalani, maana yake "tunaamua". Programu hii huria ilianza Barcelona mwaka 2016, jiji lilipopokea mapendekezo zaidi ya 10,000 kuhusu mpango wake. Mwaka 2018 DECODE, mradi wa Ulaya kuhusu watu kumiliki data zao, uliitumia huko huko kujadili utawala wa data.

Sehemu bora ni ya matini shirikishi. Unapakia rasimu ya sera ikiwa faili la muundo wa Markdown au ODT, nayo inakatwa: kila kichwa kinakuwa sura, kila aya kifungu chenye maoni na marekebisho yake. Anayeguswa na kifungu cha rekodi za afya anakwenda pale pale, anapendekeza "miezi 12" badala ya "miaka 10", na wote wanaona neno lililobadilishwa. Kosa linalojirudia ni fasili moja kuandikwa kwa aya tatu. Inatoka vifungu vitatu, na wachangiaji wanabishana juu ya kipande kisichojitegemea. Unganisha aya hizo kabla ya kupakia, kisha kagua vifungu vikiwa bado rasimu.

Usajili unadai barua pepe, kwa hiyo mikutano ya ana kwa ana haikwepeki. Yanayosemwa mkutanoni karani ayaingize akiweka alama kwamba yametoka kwenye mkutano huo. Akisahau, pendekezo linaonekana ni la ofisi, na mwananchi aliyetembea kwenda kulitoa amenyang'anywa sauti yake. Hili tunaliona zito kuliko hitilafu yoyote ya kiufundi.

Kwa usimikaji, tafuta fundi anayejua lugha ya programu ya Ruby na hifadhidata ya PostgreSQL. Barua za kuthibitisha akaunti zisipofika, usikimbilie kulaumu seva ya barua. Mara nyingi ni Sidekiq, inayoshughulikia foleni ya kazi, haijawashwa.

Halafu kuna ukurasa wa uwajibikaji. Kila tokeo, yaani jambo lililokubaliwa kutekelezwa, lina hali yake, tarehe, asilimia ya utekelezaji na viungo vya mapendekezo yaliyolizaa. Haujijazi wenyewe, na ofisi nyingi huufikiria baada ya maoni kufungwa, timu ikiwa imeshatawanyika. Uwashe kabla ya kupokea pendekezo la kwanza, na mtaje mtumishi atakayeujaza kila mwezi. Pendekezo lililokataliwa nalo lipewe sababu. Nafasi ya jibu ipo.

Tahadhari moja kwa mijadala ya data nyeti: mtu akiandika ugonjwa wake au namba ya kitambulisho ndani ya pendekezo, kulihariri hakutoshi, kwa kuwa matoleo ya zamani hubaki yakisomeka. Msimamizi alifiche pendekezo zima, kisha amsaidie mwenyewe kuliandika upya bila taarifa hizo.