Jeli ya akriliki ya kuhamishia picha kwenye ubao: uzoefu wangu

Ninayoitumia ni jeli ya Liquitex yenye mng'ao, kopo la mililita 237. Naitumia kuhamisha picha ya kamera kutoka kwenye karatasi hadi kwenye ubao, kisha napaka rangi za akriliki juu yake mpaka picha na mchoro viwe ngozi moja. Kwa kazi hiyo naipa alama nne kati ya tano. Ya tano naizuia kwa bei tu, maana huku kwetu inaagizwa nje.

Picha nyingi huharibika hata kabla kopo halijafunguliwa. Chapisha kwa tona, yaani printa ya leza au mashine ya fotokopi, kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80. Tona ni unga wa plastiki ulioyeyushwa kwa joto, hauogopi maji, na jeli ikikauka huushika hata karatasi ikiondoka. Wino wa printa nyingi za nyumbani huchuja, na jeli yenyewe ina maji, kwa hiyo uso wa mtu unabaki doa la zambarau. Karatasi nzito ya picha za studio usiijaribu, ina utando wa plastiki usiopitisha maji. Na kumbuka kugeuza picha kushoto kwenda kulia kabla ya kuchapisha, la sivyo maandishi yatasomeka kinyume.

Plaiwudi iliyopigwa msasa naipenda kuliko kanvasi. Kanvasi hubonyea unaposugua, na tona iliyokaa kwenye vichwa vya nyuzi huchubuka. Paka ubao rangi nyeupe ya msingi mara mbili. Mahali peupe pa picha hapana tona, kwa hiyo kilichoko chini ndicho kitakachoonekana. Ukiweka rangi ya udongo hapo, anga lote la picha litakuwa la udongo. Hii ndiyo raha kubwa ya njia hii: mchoro unaanza chini ya picha, si juu yake tu.

Kwa A4 tumia vijiko viwili vya chakula, karibu mililita 30. Kopo moja linatosha karatasi saba hivi. Ukipaka nyembamba mno picha inatoka na mabaka. Ukipaka nene mno ndani hubaki mbichi na picha huchanika. Laza karatasi kifudifudi, kisha isukume kwa kadi ngumu ya plastiki kutoka katikati kwenda kingo hadi mapovu yatoke. Jeli inayotokeza pembeni ifute papo hapo, kwani ikigusa mgongo wa karatasi, pale hapatalowana tena. Acha saa 24. Pwani wakati wa masika mimi hungoja siku mbili.

Lowesha kwa sponji, ngoja dakika mbili tatu, kisha sugua kwa ncha za vidole kwa mizunguko midogo. Ikikauka utaona ukungu mweupe: ni nyuzi za karatasi zilizobaki. Rudia mara ya pili na ya tatu, kwa mkono mwepesi. Ukungu wa mwisho unamezwa na tabaka jembamba la jeli. Jeli isiyong'aa hufanya weusi uonekane wa maziwa, ndiyo sababu nimechagua ya mng'ao.

Kwa rangi inayopitisha picha, changanya sehemu moja ya rangi na kumi za jeli. Mchoraji Gerhard Richter wa Ujerumani alifuata njia nyingine: alikokota picha ndogo za maabara kwenye mabaki mazito ya rangi ya mafuta, bila kuhamisha chochote. Rangi ya mafuta inakaa juu ya akriliki. Akriliki juu ya mafuta hubanduka.

Gundi nyeupe ya mbao si mbadala. Hulainika tena ikipata unyevu, na picha hupasuka wakati wa kusugua.

Kazi zilizokamilika usizipange uso kwa uso. Akriliki hulainika kwenye joto na kunatana, kwa hiyo weka karatasi ya kuokea katikati, si gazeti.