Montserrat Black: kwa bango safi, kwa maandishi madogo hapana

Jamani kama unadizaini mabango na bado unatumia fonti ileile iliyokuja na kompyuta, pakua Montserrat, ni bure kabisa hata kwa kazi za biashara. Aliyeichora ni Julieta Ulanovsky wa Argentina, wazo alilitoa kwenye vibao vya zamani vya mtaa wa Montserrat kule Buenos Aires, na kweli ukiiangalia inaonekana imezaliwa ukutani, O karibu duara kabisa, herufi pana zimeshiba. Ina unene wa aina 9, mi natumia Black, ule mnene kuliko yote, yaani PUNGUZO unalisoma hata ukiwa umening'inia mlangoni kwa daladala.

Shida sasa, upana huohuo unakula nafasi. TUNAPATIKANA KARIAKOO iligoma kukaa mstari mmoja, nikashusha saizi mpaka ikapoa. Halafu I kubwa na l ndogo ni mapacha, andika Ilala uone, mteja wangu aliuliza hivyo vijiti viwili mwanzoni vya nini 😂 Kwenye maandishi madogo matundu ya a na e yanazibwa na wino, hapo tumia Medium tu, ule unene wa kati. Nyota 4 kati ya 5.