Uzoefu wangu na swichi ya gigabiti 2.5 katika ofisi yetu ya video, Tabora

Ofisi yetu iko Kanyenye, mjini Tabora, na kazi yetu ni kupiga na kuhariri video za harusi na mahafali. Tuna kompyuta nne na seva moja, yaani kompyuta ya kuhifadhia mafaili ya wote, yenye diski mbili za kuzunguka, ambazo kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa pia kwenye nyingine, kwa sababu harusi ya mtu hairudiwi na faili likipotea hakuna pa kulipatia. Tangu miezi minane iliyopita tunatumia swichi, yaani kifaa kinachounganisha kompyuta za ofisi kwa kebo, ya poti (matundu ya kebo) nane na yenye kasi ya gigabiti 2.5 kwa sekunde, na ninaeleza tulivyoifikia kwa kuwa ilibaki kidogo tununue vitu visivyotufaa.

Hapo awali, video ghafi za harusi moja, gigabaiti 64, zilichukua zaidi ya saa moja na nusu kuhamia kwenye seva. Dada anayehariri alizoea kuniambia, “Kaka, mimi nakwenda kula, nikirudi ndiyo kwanza itakuwa nusu.” Nilitaka kulipia kifurushi kikubwa zaidi cha intaneti, na fedha hiyo ingepotea bure, kwani faili linalotoka kompyuta moja kwenda seva iliyo chumba cha pili halipiti kwenye intaneti hata kidogo, linapita kwenye kebo na swichi za humo humo ndani.

Kilichonifumbua macho ni hesabu. Kasi ya mtandao huandikwa kwa biti, ilhali mafaili tunayapima kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo megabiti 100 ni megabaiti 12.5 kwa sekunde, na kwa kawaida mtu huambulia kama 11. Sisi tulikuwa tunapata 11 hiyo hiyo, ingawa swichi yetu ya zamani ilikuwa ya gigabiti 1, ambayo ni megabaiti 125.

Tatizo lilikuwa kebo iliyopita darini. Kasi ya megabiti 100 hutumia jozi mbili tu za nyaya, lakini gigabiti hutaka jozi zote nne. Uzi wa zile jozi mbili za ziada ukikatika, vifaa vingi hushuka vyenyewe hadi 100 na kazi ikaendelea, ndiyo maana hatukushtuka mapema. Nilikwangua uzi wa kahawia kwa wembe, utando wa rangi ya shaba ukatoka, na ndani ukabaki mweupe kama sufuria: alumini iliyopakwa shaba. Niliukunja mara mbili ukakatika mkononi. Boksi lilikuwa limeandikwa Cat6, daraja la kebo nzuri ya mtandao, nasi tulikuwa tumelipa bei ya Cat6. Jambo hilo liliniuma sana, na tangu siku hiyo sinunui kebo kabla ya kukwangua kipande chake. Tulipovuta kebo ya shaba tupu, bila kubadilisha kifaa kingine chochote, gigabaiti zilezile 64 za harusi ziliingia kwa dakika zisizofika kumi.

Hata hivyo, wahariri wawili au watatu wakifungua video kwa pamoja, wote waligawana njia moja ya seva. Nilipima kwa programu ya iperf3, ambayo hupima mtandao bila kuhusisha diski, nikapata megabiti 941 kwa sekunde, yaani kama megabaiti 118. Kisha nikapima diski, nazo zikaandika megabaiti 190 kwa sekunde. Kumbe mtandao ndio uliokuwa mwembamba kuliko diski.

Fundi alipendekeza gigabiti 10. Nilikataa, kwa sababu diski zetu zisingefikia hata robo ya kasi hiyo, na vifaa vya gigabiti 10 vya kebo za shaba hupata joto sana, jambo zito kwa Tabora ya mwezi wa Oktoba. Kasi ya gigabiti 2.5, ambayo kiwango chake kiliidhinishwa mwaka 2016, hupita hata kwenye Cat5e, daraja la kebo lililo chini ya Cat6, hadi mita 100. Fedha iliyobaki tulinunulia diski ya tatu ya nakala, ambayo hailali ofisini.

Sasa iperf3 inaonyesha gigabiti 2.35, na harusi ile ile huingia kwa chini ya dakika sita. Kinachochelewesha siku hizi ni diski. Dosari niliyoiona ni kwamba kompyuta mbili zilihitaji adapta za USB za kuchomekea kebo ya mtandao, na moja tuliichomeka kimakosa kwenye tundu la USB 2, lenye ukomo wa megabiti 480, ikawa polepole kuliko ilivyokuwa kabla. Tulipoihamishia tundu la USB 3 ilitulia. Kompyuta ya mapokezi tumeiacha kwenye gigabiti 1, kwa kuwa risiti na mikataba ya wateja haihitaji zaidi ya hapo.