Paa moja, wakandarasi wawili, na silikoni iliyonuka siki

Nimesubiri misimu miwili ya mvua ipite ndipo niandike haya. Siku fundi anaposhuka ngazi kila paa linang'aa, na siku hiyo hata mimi ningempa nyota tano mtu yeyote.

Nyumba yangu ina umbo la herufi L, kwa hiyo paa lina bonde moja pale miteremko inapokutana, halafu upande wa nyuma kuna ukuta unaopanda juu kuliko bati. Kumbuka huo ukuta. Mabati yalikuwa na zaidi ya miaka 15, yamepigwa misumari. Dhoruba ya usiku mmoja iling'oa kofia ya juu, yaani lile bati linalofunika kilele cha paa, upande wa mbele na kukunja mabati matatu ya ukingoni kama mtu anayekunja jamvi. Asubuhi silingi bodi ya chumbani ilikuwa imevimba, na sebuleni tone lilikuwa linaanguka pale pale kwenye mkono wa kochi.

Mkandarasi wa kwanza sikumwita. Alikuja mwenyewe siku iliyofuata. "Dada, nilikuwa napita tu nikaona paa lako." Alisimama uani, akaweka kiganja juu ya macho kukinga jua, akatazama kwa dakika tano, kisha akanitajia bei ya kupaua upya nyumba nzima. Hakupanda. Hakuingia ndani. Ila karatasi alikuwa nayo tayari: niweke sahihi ili yeye ashughulike na watu wa bima kwa niaba yangu. Nilipomwambia kuwa bima yangu inanitaka nibebe sehemu ya gharama mwenyewe, akacheka. Akasema hiyo sehemu ataiingiza kwenye makadirio, nisiwe na wasiwasi.

Hapo ndipo nilipopata wasiwasi. Kuwapandishia bima hesabu ili sehemu yangu ipotelee humo ni udanganyifu, na jina lililo kwenye bima ni langu. Sikusaini. Lakini niseme ukweli, mawingu yalikuwa yamekusanyika tena na nilikuwa na hofu, nikampa kazi ndogo ya dharura: aweke turubai pale palipofunuka na azibe panapovuja sebuleni. Turubai aliliweka vizuri, nampa haki yake. Kuhusu kuziba, alipanda na bomba la silikoni, akapaka, akashuka. Nyumba ikanuka siki hadi jioni. Nilidhani ndiyo harufu ya kazi.

Ilivuja tena mvua iliyofuata, pale pale kwenye kochi.

Wa pili nilimpata kwa njia nyingine kabisa. Badala ya kuuliza watu "unamjua fundi mzuri?", nilitafuta paa ambalo lilishatengenezwa miaka kadhaa iliyopita na bado halivuji, kisha nikamuuliza mwenye nyumba nani alifanya. Picha za kazi mpya kila mkandarasi anazo kwenye simu, na sikutaka kuziona. Nilitaka paa la miaka sita, na nilipolipata nikaomba namba.

Alikuja mzee mmoja mpole, na vijana wawili, na ngazi yake mwenyewe. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, mlango wa dari uko wapi?"

Alikaa humo darini saa moja na nusu. Aliposhuka alikuwa na utando wa buibui kwenye nywele, na kwenye kiganja ameshika msumari mmoja wa bati. Akanipa niushike. Akashika ile raba ya chini ya kichwa cha msumari kwa vidole viwili, akaibonyeza kidogo, ikasagika kama udongo mkavu. "Huu nimeutoa kwa mkono," akasema. "Sikutumia nyundo." Bati hupanuka juani na kusinyaa usiku, kila siku, mwaka baada ya mwaka, na msumari nao hupanda kidogo kidogo kutoka kwenye mbao. Raba ikishakauka, maji yanapita kwenye tundu. Msumari ukishalegea, upepo unapata pa kushika.

Nikamwonyesha lile tone la sebuleni, nikamwambia tundu liko juu ya kochi. Akatikisa kichwa. Akamtuma kijana mmoja juu na mpira wa maji, akamwingiza mwingine darini na tochi, yeye akasimama chini akiamuru. Walianzia chini ya mteremko, wakamwagia maji sehemu moja kwa dakika kama kumi, wakasubiri, wakapanda hatua moja, wakamwagia tena. Ukianzia juu, alisema, kila kitu kinalowa kwa pamoja na hutajua lipi ni lipi. Mimi nilikuwa nimeshachoka na kuanza kufikiria bili ya maji, ndipo yule wa darini akapiga kelele. Mpira ulikuwa umefika pale bati linapokutana na ule ukuta wa nyuma. Maji yaliingilia hapo, yakaifuata papi moja, ule ubao unaopigiliwa bati, kwa zaidi ya mita tatu, yakafika kwenye kiungo cha kenchi, ile fremu ya mbao inayobeba paa, ndipo yakadondoka sebuleni. Lile eneo alilopaka silikoni yule wa kwanza halikuwa na tundu lolote.

Na harufu ya siki? Nilipomtajia alikunja uso. Silikoni inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula zinki iliyo juu ya bati. Kwa kazi ya bati zipo aina zisizonuka hivyo, na hata hizo ni za kusaidia kiungo, hazichukui nafasi ya kiungo chenyewe. Alinipandisha ngazi nikaona kwa macho yangu: pembezoni mwa ile silikoni kulikuwa na unga mweupe, na katikati rangi ya kutu imeshaanza. Nililipia kuvuja, nikapata kutu juu yake.

Kitu kingine alichonionyesha humo darini sikuwahi hata kukifikiria. Mimi nilikuwa najua upepo husukuma, kumbe kwa paa hatari kubwa ni kuinuliwa. Upepo ukipita juu ya paa kwa kasi hulinyonya kwenda juu, na nguvu hiyo huwa kali zaidi pembeni na kwenye kona. Ndiyo maana mabati yangu matatu yaliyokunjwa yalikuwa ya ukingoni na si ya katikati. Tena kenchi zangu zilikuwa zimeshikwa kwenye mbao ya juu ya ukuta kwa misumari miwili miwili ya kawaida, basi. Nilikuwa naamini uzito wa paa ndio unaolishikilia. Akaandika kwenye makadirio yake vipande vya chuma vya kufunga kila kenchi na ukuta, na skrubu zikae karibu karibu kwenye kingo kuliko katikati.

Makadirio yenyewe alileta baada ya siku mbili, yameandikwa, na yalikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kubadili mteremko wa mbele wote, kuweka upya ule muunganiko wa bati na ukuta, na kwenye miteremko iliyobaki kung'oa misumari na kuweka skrubu zenye washa za raba. Ya pili, kubadili paa zima. Yeye mwenyewe alinishauri ya kwanza. Alisema mabati ya nyuma bado yana miaka, ila akanionya kuwa rangi haitafanana. Na kweli haifanani. Kila nikiingia getini naona upande mmoja umekoza na mwingine umepauka, na sitadanganya, inanikera. Anayependa nyumba yake ionekane safi afikirie hilo kabla ya kufurahia bei ndogo.

Kwenye mkataba nilibishana naye mambo machache. Geji, yaani namba ya unene wa bati, iandikwe, maana ikiwa kubwa bati linakuwa jembamba, na kuna wauzaji wanaopenda kukuchanganya hapo. Nikaomba unene uandikwe pia kwa milimita, ambao hauna ubishi. Mabati yawe ya urefu mmoja kutoka kwenye kofia hadi ukingoni, kusiwe na kiungo katikati. Bei ya kila mita ya mbao itakayokutwa imeoza iandikwe kabla hawajafungua, kwa sababu ukishavuliwa paa huna nguvu ya kujadili chochote. Waranti ya bati ni ya kiwanda, waranti ya ufundi ni ya kwake, ziandikwe mbalimbali. Alinionyesha bila kuombwa mara ya pili karatasi za bima ya vijana wake, kwamba mmoja akianguka si mimi nitakayemtibu. Yule wa kwanza nilipomuuliza hilo aliniambia "vijana wangu hawaanguki".

Tulikwama kwenye malipo. Nilitaka kubakiza asilimia 20 hadi mvua kubwa ya kwanza. "Mama, na isiponyesha miezi mitatu?" Swali la haki. Tukakubaliana: mvua, au jaribio la mpira wa maji kama lile la mwanzo, kitakachotangulia.

Kuhusu bima sitakaa sana. Kilichonisaidia ni picha nilizopiga asubuhi ile kabla turubai halijawekwa, na vipande vya kofia nilivyovihifadhi stoo. Kilichoniumiza ni kwamba walilipa mabati ya mbele na kofia tu. Ule muunganiko wa ukutani mkaguzi aliuangalia, akaona kutu ya zamani na tope lililoganda, akaandika uchakavu. Dhoruba hulipwa, uzee wa paa haulipwi. Nilinung'unika, lakini alikuwa sahihi. Akauliza pia ile silikoni aliipaka nani. Nilishukuru sana kwamba sikuwa nimesaini ile karatasi.

Sasa kazi yenyewe. Niliahidiwa siku 4, zikawa 9. Mabati ya kwanza yaliletwa mafupi kwa kama sentimita 20, na mzee akakataa kuyaunga, yakarudishwa. Nilikasirika wakati ule kwa kuwa nililala siku tatu chini ya turubai, ila ndicho nilichokuwa nimeandika kwenye mkataba, sasa ningemlaumuje? Siku ya tano kijana mmoja alikanyaga pasipo na mbao, mguu ukatokea chumbani kwangu hadi kwenye goti. Hakuumia. Bodi waliibadilisha kwa gharama yao, ila rangi ya dari ina kiraka hadi leo.

Tukio lililonipa imani lilikuwa dogo. Kijana alitoa grenda ili akate bati kwenye bonde. Mzee alikuwa chini anakunywa maji, akasikia mlio tu, akapaza sauti: "Mkasi!" Mlio ukakatika. Baadaye nilimuuliza. Grenda huunguza rangi na zinki pembezoni mwa mkato, na zile cheche ni vipande vya chuma cha moto vinavyonata juu ya bati, kila kimoja kinakuwa doa la kutu. Mkasi ni polepole na unachosha mkono. Vilevile kila skrubu waliyokaza hadi raba ikafura na kutokeza pembeni aliamuru itolewe, kwa sababu raba iliyobonyezwa kupita kiasi haichelewi kupasuka.

Jioni walipitisha sumaku uani kuokota misumari ya zamani. Walijitahidi, lakini wiki mbili baadaye mmoja ulinipasua kandambili. Ukiwa na watoto wanaotembea peku, rudia mwenyewe.

Mvua kubwa ilinyesha siku 11 baada ya wao kuondoka, usiku. Niliamka, nikachukua tochi, nikapanda darini peke yangu kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Kelele zilikuwa kubwa hata sikujisikia nikipumua. Nikamulika ile papi, nikaipapasa kwa kiganja kuanzia ukutani hadi kwenye kiungo. Kavu. Vumbi lilibaki mkononi. Asubuhi nikalipa asilimia 20.

Msimu wa pili nao umepita, sebuleni hakujaanguka tone. Mkandarasi wa pili nampa nyota nne. Ya tano ameikosa kwa gata la upande wa jikoni, ambalo lilifungwa bila mteremko wa kutosha na maji husimama humo kina cha kidole. Amesharudi mara moja akalirekebisha, na nilimpigia mara tatu ndipo akaja, na bado yanasimama. Nimempigia tena Jumatatu. Amesema Alhamisi.